Nywele zinavutika kama bigijii baada ya blichi, nazirudishaje?

Binti Chumbageni: Habari za jioni wadau, jamani nina kilio. Ijumaa nilitia nywele dawa ya kulainisha, Jumatano yake nikaenda saluni moja hapa Ngamiani nipigwe blichi maana kuna harusi ya binamu yangu na sare yetu ni dhahabu nikaona na kichwa kifuate. Dada akanichanganyia na peroksaidi ya 40, kichwa kikaanza kuwaka namwambia ananijibu vumilia mwaya urembo gharama. Rangi ilitoka kweli, ila kuosha tu nywele zikawa zinavutika kama bigijii, nikipitisha kitana zinabaki kwenye kitana. Utosini nipo kama mtoto wa arobaini. Harusi wiki 2 zijazo, kuna tritmenti ya kuzirudisha? Na nikipaka piko nyeusi nifunike hii aibu itashika?

Msusi Makorora: Pole shoga. Ukweli ni kwamba hazirudi. Dawa na blichi zote mbili zinakata vile vifungo vya ndani vinavyoshika unywele, ukizipandanisha ndani ya wiki moja unabaki na ganda tupu. Na hiyo 40 ni volyumu, yaani nguvu ya peroksaidi asilimia 12, mie kichwa chenye dawa siigusishi, mteja akinililia sana nampa ya 20 ambayo ni asilimia 6 na bado namwambia bora asipige kabisa. Tritmenti ya protini inaziba ziba tu, ukiosha mara kadhaa imekwenda, waja leo waondoka leo. Tena usiifululize, nywele zitakakamaa kama makumbi. Zinazovutika kata, mpya zinaota kama sentimita 1 kwa mwezi.

Mama Pangani: Mwanangu zilizobaki zitunze na mafuta ya nazi, ila paka KABLA ya kuosha, usiku ufunge kilemba asubuhi ndo uoshe. Nazi inaingia ndani ya unywele haikai juu tu. Kuna nazi 2 3, kamua tui la kwanza, bandika moto mdogo usikoroge koroge, mafuta yatapanda yenyewe. Haya ya dukani mengine yana harufu ya nazi tu, nazi yenyewe hakuna.

Wa Raskazone: Piko USIPAKE!! Hina ya majani inatoa wekundu, juu ya blichi utakuwa chungwa la Muheza, huo weusi tii unatoka kwenye kemikali inaitwa PPD. Mie nilipaka mikononi Idi moja, mikono ikatoka malengelenge, baadae nikajaribu rangi nyeusi ya boksi kichwani, uso ukavimba macho hayafunguki siku 3 nzima, kumbe kemikali ni ile ile. Sasa wewe na ngozi imeshaungua je? Rangi yoyote jaribu kidogo nyuma ya sikio ungoje saa 48.

Mzee wa Kahawa: Mtandio upo dada, Tanga hii nani atakuvua harusini

Binti Chumbageni: Asanteni wote. Nimekata leo, bi mkubwa kacheka mpaka kakaa chini. Yule dada wa saluni nimempigia anasema nirudi atanipunguzia bei ya wigi 😭