Mjadala: Tuendelee kubishania kamisheni ya teksi mtandao, au tuikague programu inayopanga nauli?

Mleta mada

Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kuandika programu za kompyuta, hasa mifumo inayowagawia kazi watu walio barabarani: nani apelekewe ombi lipi, alipwe kiasi gani, na achukuliwe hatua gani akilikataa. Nimefuatilia mvutano wa teksi mtandao kwa jicho hilo, na nimefikia msimamo ambao najua wengi hawatakubaliana nao. Kikomo cha kamisheni, yaani asilimia ya juu ambayo kampuni inaruhusiwa kukata kwenye nauli, kinagombaniwa sana, lakini si hicho kinachoamua dereva arudi nyumbani na shilingi ngapi.

Nikumbushe kwanza yaliyotokea. Uber ilianza huduma jijini mwaka 2016, na kampuni nyingine zikafuata. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilitoa agizo lililogusa nauli na kushusha kamisheni hadi asilimia 15. Aprili mwaka huohuo Uber ikasitisha huduma kwa maelezo kwamba masharti hayo hayaruhusu biashara kuendelea, na Bolt nayo baadaye ikabana huduma zake. Mazungumzo yakafanyika, kikomo kikapandishwa hadi asilimia 25, na mapema mwaka 2023 Uber ikarejea. Tangu hapo, kila inapozungumzwa hali ya madereva, swali la kwanza huwa ni lilelile: asilimia ngapi?

Tuchukue mfano wa safari ambayo abiria analipa shilingi 10,000. Kwa kamisheni ya asilimia 15 dereva anabaki na 8,500, na kwa asilimia 25 anabaki na 7,500, kwa hiyo hadi hapo kikomo cha asilimia 15 ndicho kinachomfaa. Lakini nauli hiyo imekokotolewa na programu. Ikishuka hadi 8,000 kwa safari ileile, dereva anayekatwa asilimia 15 atabaki na 6,800, yaani pungufu ya mwenzake anayekatwa asilimia 25 kwenye nauli ya 10,000. Ninajua kwamba LATRA haikuiacha nauli bila mipaka, na ninaheshimu kusudio lake, ila nauli ya teksi mtandao imeundwa na vipande vingi: kianzio, kilomita, dakika, makadirio ya njia, ofa kwa abiria, na nyongeza wakati wa mahitaji makubwa. Kila kipande ni mstari katika programu, na mimi ninayeandika mistari ya namna hiyo najua kwamba unaweza kubadilishwa usiku mmoja bila asilimia kuguswa hata kidogo.

Halafu kuna kilomita ambazo hakuna anayezilipia. Dereva aliyepaki Sinza anapokea ombi la abiria aliye Mwenge saa kumi na moja jioni, anaingia kwenye foleni, anachoma mafuta, na akikaribia kufika abiria anaghairi kwa kuwa amepata bajaji. Kamisheni ya safari hiyo ni sifuri, na kipato chake ni pungufu ya sifuri. Ndiyo maana abiria wa jiji hili amezoea kupigiwa simu na kuulizwa: "Habari yako, unaelekea wapi? Kwako imeandika shilingi ngapi? Unalipa keshi au kwa kadi?" Abiria wengi hukerwa na simu hiyo na kumwona dereva kuwa msumbufu. Mimi naiona kama ushahidi, kwa sababu mtu anayeuliza bei ya kazi aliyokwisha kuikubali ni mtu ambaye hakupewa taarifa aliyostahili kupewa kabla ya kuikubali.

Pembeni ya hayo kuna gharama ambazo sheria zetu nyingine zinampandishia. Gari la kazi hii kwa wengi ni Toyota IST, na IST nyingi zinazoingia nchini zina umri wa zaidi ya miaka 10, kwa hiyo zinaangukia kwenye ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya ukubwa huo, na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18. Ukijumlisha, kodi inakaribia bei ya gari lenyewe lilipofika bandarini. Mafuta nayo hupangiwa bei mpya na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Mei 2022, mwezi mmoja tu baada ya Uber kusitisha huduma, petroli ilikwisha kuvuka shilingi 3,000 kwa lita. Bei ya mafuta ina tarehe yake inayojulikana ya kupanda na kushuka, lakini hakuna tarehe ya namna hiyo ambayo nauli ya dereva inalazimika kuifuata.

Pendekezo langu ni kwamba LATRA ilegeze macho kwenye asilimia na iyaelekeze kwenye mwenendo wa programu. Kabla hajakubali ombi, dereva aonyeshwe mwisho wa safari, nauli kamili, makato na umbali wa kumfuata abiria. Kila safari iwe na stakabadhi inayochambua nauli kipande kwa kipande, na kampuni itoe taarifa ya maandishi kabla ya kubadilisha kanuni za ukokotoaji. Na akaunti isifungiwe na mashine peke yake. Hatuhitaji hata kuanza upya: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kuhoji uamuzi unaomwathiri uliofanywa na mashine pekee. Ningependa kusikia hoja zinazopinga, hasa kutoka kwa walio nyuma ya usukani.

Mchangiaji wa kwanza, dereva

Ndugu mleta mada, nimekuelewa, na hilo la simu umelisema kwa haki. Hata hivyo siungi mkono kulegeza kikomo, na nitaeleza kwa nini. Gari ninaloendesha ni la tajiri, yaani mwenye gari, na ninampelekea hesabu, kiasi tulichokubaliana, kila wiki, iwe abiria wamekuwepo au hawakuwepo. Katika namba zote zinazonizunguka, asilimia ya kamisheni ndiyo pekee ninayoweza kuikagua mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Nauli siijui ilivyopatikana, ofa aliyopewa abiria siijui, sababu ya kukaa muda mrefu bila ombi siijui. Ukiniambia tuache hiyo namba moja ninayoielewa ili tupiganie mambo ambayo wewe mtaalamu ndiye unayeyaelewa, unaniomba niweke silaha chini kabla sijapewa nyingine.

Naomba niongeze jambo ambalo hukulitaja. Abiria wetu wengi hulipa fedha taslimu, kwa hiyo kamisheni hugeuka kuwa deni langu kwa kampuni. Deni likifika kiwango fulani akaunti hujifunga, na nisipokuwa na salio kwenye simu la kulilipa papo hapo, siku hiyo nimesimama. Niliwahi kufungiwa na kampuni moja kwa sababu ya malalamiko ya abiria ambaye sikuambiwa ni nani wala alilalamikia nini. Nilijibiwa kwa ujumbe uleule kila nilipoandika, na hesabu ya tajiri haikusubiri.

Mchangiaji wa pili, abiria na mfanyabiashara

Mimi napingana na wote wawili. Tulionja matokeo ya serikali kuingilia mwaka 2022: huduma iliondoka, nasi tukarudi kupatana na teksi za kijiweni, ambako mgeni hutajiwa bei moja na mwenyeji nyingine. Sasa hivi soko lina kampuni kadhaa, ikiwamo inDrive ambayo abiria na dereva hupatana nauli ndani ya programu yenyewe. Dereva asiyeridhika anazima moja na kuwasha nyingine, na wengi wanazo zote kwenye simu moja. Mkiongeza masharti ya stakabadhi, taarifa na rufaa, kampuni kubwa zitayamudu, lakini vijana wetu wanaotaka kuanzisha programu ya Kitanzania watashindwa kabla hawajaanza.

Mchangiaji wa tatu, kutoka Nairobi

Ninaomba ndugu zangu wa Tanzania watazame yaliyotupata huku. Kanuni zetu za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha kamisheni cha asilimia 18, ambacho ni cha chini kuliko chenu cha sasa. Pamoja na hayo, katikati ya mwaka 2024 madereva waligoma, na baadaye wengi wakaanza kubandika ndani ya magari orodha za nauli walizojipangia wenyewe, zilizo juu ya zile zinazoonekana kwenye programu. Abiria alifungua mlango akakuta karatasi iliyolaminiwa nyuma ya kiti, ikimweleza atakacholipa. Kama asilimia ndiyo ingekuwa tiba, karatasi zile zisingekuwa na kazi. Malalamiko ya madereva wetu yalikuwa kwamba nauli yenyewe haitoshi kulipia mafuta na mkopo wa gari, jambo ambalo kikomo hakikuligusa.

Mchangiaji wa nne, mwanasheria

Mleta mada ametaja sheria ya taarifa binafsi, lakini ameiacha sheria ambayo kwangu ndiyo kiini cha suala hili. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema kwamba anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo na bila kujali mkataba wao unaitwaje, iwapo walau kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa kipo. Miongoni mwa vigezo hivyo ni kuelekezwa namna ya kufanya kazi, kumtegemea mtu huyo kiuchumi, na kumfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Dereva wa teksi mtandao anaweza kufikisha saa 45 ndani ya wiki moja. Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua Februari 2021 kwamba madereva wa Uber waliofungua shauri walistahili hadhi ya wafanyakazi, na mojawapo ya sababu ilikuwa hilihili la kampuni kupanga nauli. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, lakini zinaweza kuuzingatia. Kwa nini tuombe stakabadhi iliyochambuliwa, wakati sheria inaturuhusu kuuliza kuhusu likizo, fidia ya ajali na michango ya hifadhi ya jamii?

Mleta mada

Nawashukuru wote, na nianze na ndugu dereva. Hoja yako kwamba asilimia ndiyo namba pekee unayoweza kuikagua ni nzito kuliko ile niliyoanza nayo, na inanifanya nibadilishe mpangilio wa pendekezo langu: kikomo kibaki palepale mpaka stakabadhi zilizochambuliwa zitakapokuwa mikononi mwa madereva. Ninachokataa bado ni kukifanya kiwe mwisho wa mazungumzo, na mfano wa Nairobi unaeleza sababu vizuri kuliko nilivyoeleza mimi.

Kwa ndugu mfanyabiashara, sikubaliani kwamba masharti haya ni mzigo kwa programu changa. Vipande vyote vya nauli tayari vimo kwenye hifadhidata ya kampuni, kwa sababu bila hivyo programu isingeweza kukokotoa chochote, na kumwonyesha dereva ni kazi ndogo ambayo mhandisi mmoja anaweza kuimaliza. Gharama halisi iko kwenye rufaa, kwa kuwa inahitaji binadamu wa kusikiliza, na hiyo nakubali kwamba ni gharama. Ila kampuni inayoweza kumnyima mtu kipato kwa sekunde moja lazima iwe na mtu wa kumweleza sababu. Na ushindani unaoutaja hauna nguvu pale ambapo dereva anachagua kati ya programu tatu ambazo zote zinamficha hesabu.

Kwa ndugu mwanasheria, kifungu hicho sikukijua kwa undani huo, na ninaona uzito wake. Shaka yangu ni jinsi kitakavyofanya kazi hapa kwetu. Dereva aliyeandika hapo juu anapewa maelekezo na programu, lakini gari ni la tajiri na hesabu anampelekea tajiri. Je, mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi atamtaja nani kuwa mwajiri? Na kama anazo programu tatu kwenye simu moja, saa 45 hizo atazigawa vipi? Nadhani kampuni itamsukumia tajiri, tajiri ataisukumia kampuni, na dereva atakaa katikati kwa muda mrefu. Sisemi njia hiyo iachwe. Nasema anayeifuata atahitaji ushahidi wa saa alizofanya kazi, maombi aliyopelekewa na adhabu alizopewa, na ushahidi huo wote umo ndani ya mifumo ya kampuni.

Kwa sababu hiyo ningeanza na barua. Dereva aliyefungiwa akaunti aiandikie kampuni kuomba taarifa zake zote: safari, makato, malalamiko na sababu ya kufungiwa. Asipojibiwa apeleke malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na nakala ifike LATRA. Chama cha madereva kikikusanya barua za namna hiyo za watu kadhaa waliofungiwa na kampuni tofauti, mamlaka zitakuwa na kitu cha kushika mkononi mara nyingine zitakapokaa mezani na kampuni kuzungumzia asilimia. Niko tayari kusaidia kuandaa mfano wa barua hiyo na kueleza ni taarifa zipi za kuomba kwa majina yake, na ningemwomba ndugu mwanasheria aipitie kabla haijaanza kutumwa.