Figo za mzee zimejaa mkojo kwa saratani ya tezi dume: mpira wa mgongoni, stenti ya ndani au dialisisi?

BintiWaMgeta
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba mawazo ya waliopitia hili. Baba yangu ana miaka 73, saratani ya tezi dume imeshafika kwenye mifupa ya nyonga. Siku za karibuni anatapika, kwikwi haikatiki, mchana kutwa analala. Kreatinini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, imesoma 610. Ultrasaundi inaonyesha figo zote mbili zimevimba kwa mkojo uliokwama, ila kibofu chenyewe hakina mkojo mwingi. Daktari ametaja mpira wa kutokea mgongoni, unaotobolewa hadi figoni ili mkojo uingie kwenye mfuko wa nje, au stenti ya ndani, na baadaye kuondoa korodani. Wadogo zangu wao wanataka dialisisi, ile ya kusafisha damu kwa mashine, wanaona ndiyo tiba ya figo. Baba anasema hataki kutembea na mifuko. Kesho asubuhi tunatakiwa kujibu.

NesiWaZamu
Pole sana dada. Umefanya vizuri kutaja hilo la kibofu, maana ndilo linaloamua mengine yote. Kwa saratani hii mkojo hukwama sehemu mbili. Ya kwanza ni chini, pale tezi inapobana njia ya kutokea: kibofu kinajaa, tumbo la chini linauma, na mpira wa kawaida unaopita kwenye uume, au ule wa kutobolewa chini ya kitovu, unamaliza kazi. Ya pili ni juu: uvimbe umepanda kwenye sakafu ya kibofu ukaziba midomo ya ile mirija miwili inayoleta mkojo kutoka figoni, au matezi ya limfu yaliyovimba tumboni yameibana kwa nje. Baba yako anaonekana yuko huku kwa pili. Hapo mpira wa kibofu peke yake hautafanya kitu, kwa sababu mkojo haufiki kibofuni.

Kuhusu dialisisi, waambie wadogo zako inasafisha damu lakini njia inabaki imezibwa. Wakati mwingine hufanywa kwanza kwa dharura, hasa potasiamu ikiwa juu kiasi cha kutishia moyo, au maji yamejaa mapafuni. Hata hivyo kizuizi bado kinatakiwa kufunguliwa.

Kati ya stenti na mpira wa mgongoni, mimi naegemea mgongoni kwa hali kama yake. Stenti ni kimrija laini kinachokaa ndani, ncha moja figoni, nyingine kibofuni. Kuiweka kwa kupitia kibofuni kunataka daktari auone ule mdomo wa mrija, na uvimbe ukishaufunika hauonekani. Nimeshaona mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji kwa ajili ya stenti na anatoka bila kuwekewa. Mpira wa mgongoni unawekwa kwa ganzi ya sehemu tu, mgonjwa akilala kifudifudi au ubavu, daktari akiongozwa na ultrasaundi.

Kijana_Kolandoto
Baba yangu alikaa na mpira wa mgongoni, naomba nikueleze habari za nyumbani maana hizi hospitalini hawana muda nazo. Siku ya kwanza mkojo ulimiminika lita kwa lita, tukafurahi. Kumbe nako kuna hatari yake: figo zikifunguliwa zinaweza kutoa maji na chumvi kupita kiasi, kwa hiyo manesi walikuwa wanapima kila kinachotoka na kumrudishia kwa dripu. Hakikisheni mtu anaandika.

Nyumbani kazi ni kuulinda mrija. Sisi tuliubandika mara mbili: plasta pale unapotokea, halafu plasta nyingine chini kidogo tukiuachia kipinde, ili mfuko ukivutwa uvute plasta na si figo. Mfuko ukae chini ya usawa wa figo muda wote, na umwagwe kabla haujajaa ukawa mzito. Kuna usiku alijigeuza mrija ukachomoka. Tukaondoka saa ileile kurudi hospitali, kwa sababu tundu likikaa wazi linajifunga na itabidi atobolewe upya. Mrija wenyewe hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu hivi.

Na muulize daktari kama lazima figo zote mbili. Kwa baba yetu walifungua moja, ile iliyoonekana bado nzima, na ikatosha. Mfuko ukawa mmoja.

MzeeTulivu
Mwanangu, mimi ni mgonjwa mwenyewe, nina stenti. Ni kweli hakuna mfuko na msikitini naingia bila mtu kujua. Lakini inachokonoa kibofu. Nakwenda haja ndogo mara kwa mara, mwishoni kiuno kinavuta, na nikitembea sana mkojo unakuja na wekundu. Nayo ina tarehe yake ya kubadilishwa, nimeambiwa isizidi miezi sita. Ikisahaulika inashika mawe.

Linalonisumbua kwenye maelezo yako ni hilo la korodani kuwa "baadaye". Kama hajawahi kupata tiba ya homoni, mirija hii inamnunulia muda, na tiba ya homoni ndiyo inayoweza kuusinyaza uvimbe. Ikifaulu, baadhi ya watu mpira unatolewa. Kuondoa korodani hushusha homoni ya kiume, inayoilisha saratani hii, ndani ya siku moja, ni mara moja basi. Sindano za goserelini zinafanya kazi ileile, ila wiki za mwanzo homoni hupanda kwanza, na kwa mtu aliyeziba kama baba yako hilo ni hatari. Ndiyo maana hutanguliziwa vidonge vya bikalutamidi, vinavyoizuia homoni hiyo kufanya kazi. Nilikataa upasuaji kwa aibu ya kiume. Ni haki ya mtu kukataa, lakini aelezwe yote akiwa macho, na asielezwe na watoto wakiwa wamejazana chumbani.

Mhudumu_Tulizo
Nakazia la Mzee. Kama alishapata tiba ya homoni na saratani ikaishinda, hesabu inabadilika: mpira unaweza kumwongezea wiki au miezi, na sehemu ya muda huo ikaishia wodini kwa homa na mrija ulioziba. Wapo wanaosema "niacheni nipumzike nyumbani," na hiyo si kumtelekeza mzazi. Kichefuchefu, kuwashwa na maumivu vinatulizwa.

Mawili ya haraka. Dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni ziondoeni kabisa, zinaumiza figo. Kama anatumia mofini, daktari ajue hiyo kreatinini, kwa kuwa figo zikilegea mofini hujikusanya mwilini. Akianza kusinzia sana na misuli kurukaruka, semeni mapema. Na siku miguu ikilegea ghafla au akashindwa kujizuia choo, msingoje asubuhi, uti wa mgongo unabanwa.

BintiWaMgeta
Nimesoma yote nikiwa kando ya kitanda chake. Hajawahi kupata tiba ya homoni hata siku moja. Nimemweleza mwenyewe, nikawatoa wadogo zangu nje. Ameuliza kama anaweza kuwekewa upande mmoja tu, na kama atalala chali. Amekubali mgongoni, na ya korodani atazungumza na daktari wao wawili. Kesho niandae nini?

NesiWaZamu
Kulala chali kutamsumbua, atazoea ubavu wa pili. Mletee shati la vifungo vya mbele. Jambo kubwa: kama anameza aspirini au dawa yoyote ya kuzuia damu kuganda, mwambieni daktari usiku huu, si kesho mlangoni. Na akipata homa au kutetemeka kwa baridi kabla ya asubuhi, mwite nesi wa zamu palepale. Mkojo uliokwama ukiingia wadudu, anatakiwa kufunguliwa usiku huohuo.