Hita mbili za shawa kwenye waya mmoja, fundi anataka kubadilisha breka tu

Mama wa Njiro
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kabla sijaruhusu kitu. Nimepanga flati huku Njiro Arusha, bafu ziko mbili na kila moja ina hita ya shawa, zile zinazopasha maji hapo hapo unapofungulia, zimeandikwa 5500W. Akioga mmoja hakuna shida ila baridi la mwezi huu na watoto wanawahi shule, zikiwashwa zote mbili breka inadondoka, iliyopo imeandikwa C20, yaani ya ampia 20. Juzi fundi kaja kaangalia dakika tano akasema zote zinatoka kwenye waya mmoja wa 2.5 (unene wake, milimita za mraba), dawa ni kutoa hiyo 20 aweke 40 basi. Nikamuuliza na waya wenyewe je? Akasema waya hauna shida mama. Moyo umegoma. Halafu swichi ya bafu la watoto imeanza kugeuka rangi ya chai upande mmoja, ukisogea unasikia harufu ya plastiki iliyoungua.

Fundi Sakina
Dada usikubali kabisa, na hiyo hita ya watoto izime sasa hivi isiguswe. Breka ipo kulinda waya, sio kulinda hita. Chukua wati 5500 gawa kwa 230, ndio volti za umeme wa nyumbani, unapata karibu ampia 24, hiyo ni hita moja tu na tayari imeshapita 20, haidondoki upesi kwa sababu breka ikizidiwa kidogo inavumilia muda mrefu. Zikiwaka mbili ni ampia 48 zinapita kwenye waya wa 2.5 uliozikwa ukutani, na ukiweka 40 maana yake waya utachemka ndani ya plasta na breka inautazama tu. Kila hita inatakiwa laini yake kutoka kwenye bodi, waya wa 6, breka ya 32, na swichi ya nguzo mbili, inayokata nyaya zote mbili za umeme, iwe nje ya bafu. Hiyo rangi ya chai ni konekta, kile kiungio cha nyaya, au skrubu imelegea, inaungua taratibu.

kijana_wa_Usa
Si wapunguze tu iwe vuguvugu? Sisi ndo tunavyofanya.

Fundi Sakina
Inasaidia mzigo ndugu yangu lakini ile sehemu iliyoungua haiponi kwa kupunguza moto.

Bi Zuhura
Mwanangu ulizia na ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Nyumba niliyokaa zamani nikishika bomba nawashwa vidoleni, nikawa navaa ndala za mpira nikidhani ndo suluhisho, kumbe waya wa kijani ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma ya hita na haukufungwa popote. Maji na umeme havina msamaha, na hao ni watoto.

Mama wa Njiro
Asanteni sana jamani, narudi na majibu. Nimeita fundi mwingine, huyu ana leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, kazima mein kwanza ndo akafungua. Konekta ya plastiki imeyeyuka ikashikana na waya, ganda la waya limekuwa jeusi kama urefu wa kidole, na Bi Zuhura umesema kweli, bafu la watoto halina ethi kabisa!! Nilikaa chini. Nimempigia mwenye nyumba na kumtumia picha, mwanzo alisema mbona wapangaji waliotangulia hawakulalamika, alipoona ile konekta akanyamaza, amekubali kununua waya na konekta za kauri.

Fundi Sakina
Safi. Mwambie fundi akufungie na ile breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, ila amalizie ethi kwanza. Na aandike kwenye bodi breka ipi ni ya bafu lipi.

Mama wa Njiro
Sawa nimeandika. Laini mpya zinapitishwa Jumamosi, mpaka hapo tunachemsha maji kwenye gesi na kuoga kwa ndoo.