Tupeane uzoefu: habari za chanjo na chakula cha msaada wakati wa korona zilikufikiaje mtaani kwenu?

Bin Kuze (Mji wa Kale, Mombasa)

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Naomba kila mmoja aandike lake: wakati wa korona, ni nani aliyekuletea habari kwamba chanjo imefika, chakula cha msaada kinagawiwa wapi, na uende na karatasi gani? Kama chanjo ni nzuri au mbaya tulishabishana vya kutosha, hapa tutafute njia tu. Tangu mpox, ile homa ya nyani, ithibitishwe Taveta mpakani, Julai 2024, nasikia watu wakiuliza maswali yale yale ya 2020, na mimi sitaki majirani zangu wakutwe tena hawajui pa kwenda.

Naanza mimi. Mji wa Kale ulifungwa tarehe 6 Mei 2020, siku moja na Eastleigh kule Nairobi. Ilikuwa Ramadhani. Kutoka hutoki, kuingia huingii, na wengi wetu huku ni watu wa kutoka asubuhi na kurudi na cha siku hiyo: wachukuzi, mafundi, akina mama wa mahamri na viazi karai. Tulifungwa mpaka Juni, Idi ikatukuta ndani.

Misikiti ilikuwa haisaliwi tangu Machi, lakini spika zake zilifanya kazi kubwa. Baada ya adhana ya alasiri tulikuwa tukitangaziwa chakula kitapita mtaa gani kesho yake, na kwamba watu wakae milangoni, wasijazane njiani. Mtu yeyote aliyekuwa na masikio alipata habari, awe na simu asiwe nayo.

Tatizo lilikuja kwenye orodha. Walioandika waliandika kwa milango. Wanaojua nyumba zetu wanaelewa: mlango ni mmoja, lakini chini anakaa mpangaji na watoto wake, juu kaka mtu na mkewe, na ghorofa ya pili shangazi na wajukuu. Mfuko mmoja wa unga, mchele, maharagwe na chupa ya mafuta ukawekwa mlangoni, watu wa nyumba wakabaki kutazamana. Palizuka maneno baina ya ndugu ambayo mpaka leo hayajesha. Vijana wa mtaa ndio waliolitatua. Walipita upya na daftari, na swali lao likawa moja: "Humu ndani mna majiko mangapi?" Kila jiko likaandikwa peke yake, na jina la anayepika. Mgao uliofuata haukuleta ugomvi. Kama kuna jambo moja la kushika kutoka kwangu, ni hilo: andikeni kwa majiko.

Mama wa Majengo (Mombasa)

Bin Kuze, umenikumbusha mengi. Mimi langu ni la mamangu, ana sukari na presha. Chanjo ilipoingia Kenya, Machi 2021, AstraZeneca zaidi ya dozi milioni moja, walitangulizwa wahudumu wa afya, walimu na askari. Mwisho wa mwezi ule wakafunguliwa wa miaka 58 kwenda juu. Mama akaingia hapo.

Habari niliipata kwenye kikundi chetu cha chama, dada mmoja alituma sauti. Lakini katika simu ile ile, asubuhi ile ile, zilikuwa zimeingia sauti nyingine kumi za damu kuganda na watu kufa baada ya miaka miwili. Mama alizisikia zote. Kilichomtoa nyumbani ni shoga yake wa siku nyingi, aliyekuja mwenyewe na bega lake, akaketi naye barazani akamwambia, "Nimeshadungwa juzi, usiku nilipata homa, asubuhi nikasonga mkate wangu kama kawaida." Kesho yake walikwenda wote wawili.

Dozi ya pili ndiyo iliyotutesa. Kadi iliandikwa wiki nane. India ikazuia chanjo zisitoke kwao, na sisi dozi zetu zilikuwa zikitengenezwa huko, basi muda ukasogezwa hadi wiki kumi na mbili. Hayo mimi niliyasikia kwenye taarifa ya habari, lakini kituoni hakuna aliyetupigia simu wala kutubandikia tangazo. Mama alivaa buibui lake, akapanda matatu, akafika akaambiwa arudi. Akarudi tena, akaambiwa vile vile. Nambari yake ya simu walikuwa nayo, waliiandika siku ya kwanza. Mtu mzima wa miguu mibovu hafai kufanyiwa hivyo.

Muuguzi wa Pwani

Mama, pole sana, na mpe mama salamu zangu. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza. Sisi wenyewe mara nyingine tulijua dozi zimekwisha asubuhi tukifungua friji.

Niseme jambo ambalo wengi walitukasirikia bila kuambiwa sababu yake. Kichupa cha AstraZeneca kilikuwa na dozi kumi. Ukishakifungua una saa sita, kilichobaki unamwaga. Kwa hiyo wakija watu wanne saa tatu asubuhi, unawaomba wangoje wafike kumi. Watu walidhani tunawazungusha, wengine wakaondoka. Inauma kumwona mzee akitoka getini bila chanjo na kichupa kizima kiko kwenye friji.

Nilipoona hivyo nikawa nawaeleza waziwazi, nikinyanyua kichupa wakione: hiki ni cha watu kumi, mko sita, nani ana jirani? Basi watu wenyewe wakaanza kupiga simu. Huyu anamwita mkwewe, yule anavuka barabara kumwita muuza maji. Mara tunafika kumi na moja, na tunafurahi. Baadaye wahudumu wa afya ya jamii wakawa wanatukusanyia majina jioni, wanakuja nao kundi asubuhi. Wale watu wanajua nani ana mjamzito, nani ana mgonjwa wa kulala kitandani. Walistahili malipo mazuri kuliko waliyopata, na nitalisema hilo popote.

Kijana wa Mukuru (Nairobi)

Mimi sikupata chakula, nilipata kazi. Kazi Mtaani, ule mpango wa serikali wa vibarua kwa vijana. Kuzibua mitaro, kufagia, kufyeka. Awamu ya pili, Julai 2020, ilikuwa shilingi 455 kwa siku, siku kumi na moja kwa mwezi, pesa inaingia kwa simu.

Habari ilitoka kwa mzee wa kijiji na ilipita kwa mdomo, kwa hiyo waliokuwa karibu na mzee walijua mapema. Mlango wetu ulikuwa mbali. Nilijua kwa sababu jirani alinigongea saa kumi na moja alfajiri akaniambia, "Amka, beba kitambulisho." Shida nyingine ilikuwa laini ya simu. Vijana wengi walikuwa wanatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mamake au rafiki, na jina likikosa kulingana na kitambulisho, pesa haiji. Kuna wenzangu walifanya kazi kwa jua wakakaa wiki na wiki wakifuatilia. Kwa hivyo ndugu zangu, angalieni laini zenu sasa, msingoje janga.

Mwalimu wa Mbagala (Dar es Salaam)

Wenzangu wa Kenya, kwetu njia ilikuwa nyingine. Takwimu zilisimama kutolewa mwisho wa Aprili 2020, na kwa zaidi ya mwaka mtaani ilikuwa kama ugonjwa haupo, ingawa tulizika. Halafu tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa mbele ya kamera, na dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen zikaanza kusambazwa. Hebu fikirieni mzee wa miaka 70 anapokeaje mabadiliko hayo. Baba yangu mkubwa aliniuliza, "Mwanangu, jana mliniambia nijifukize, leo mnaniambia nichanjwe. Nani ananiambia ukweli?" Sikumlaumu.

Mwanzo vituo vilikuwa vichache na watu hawaendi. Mambo yalibadilika ulipokuja ule Mpango Shirikishi na Harakishi wa chanjo, wahudumu walipotufuata sokoni, stendi na nyumba kwa nyumba wakiongozana na mjumbe wa nyumba kumi. Mjumbe wetu ni mama wa makamo, anaheshimika. Aliingia uani, akaamkia, akauliza hali ya mgonjwa wa mguu kwanza, chanjo ikafuata baadaye. Baba mkubwa alichanjwa pale pale, kwenye kigoda. Janssen ilikuwa sindano moja, hakuna kurudi, na hilo lilitusaidia sana.

Binti wa Likoni

Nimesoma yote. Mimi ni kiziwi. Spika za msikiti, sauti za WhatsApp, mzee anayepita akipaza sauti, mjumbe anayeingia kuamkia: hakuna hata moja iliyonifikia. Kwenye televisheni mkalimani wa lugha ya ishara alikuwapo wakati wa taarifa za wizara, lakini alikuwa anasema habari za nchi nzima. Chakula kinapita mtaa gani kesho, hilo hakulisema. Mgao wa kwanza ulipita nyuma ya nyumba yangu nikiwa ndani nafua.

Kilichonisaidia ni meseji ya maandishi. Mwenye duka la karibu alianza kuandika tangazo kwa chaki kwenye mlango wake wa bati: siku, saa, mahali, cha kubeba. Hakuniandikia mimi, aliandika kwa kuwa alichoka kuulizwa. Lakini mimi nilipita pale kila jioni.

Bin Kuze (Mji wa Kale, Mombasa)

Dada yangu wa Likoni, nakushukuru kutoka moyoni. Sisi tulisifu spika, hatukukufikiria. Nimezungumza na vijana wa daftari leo baada ya magharibi: pembeni ya majiko wataongeza safu ya watu wasiosikia, wasioona na wasiotoka kitandani, na tangazo lolote la spika litaandikwa pia, sehemu tatu za mtaa. Ubao wa kwanza tunauweka nje ya duka la maziwa Kibokoni, mwenyewe amekubali.

Muuguzi, tunakuomba utuandikie kwa maneno mepesi maelezo ya kichupa yakae kwenye ubao huo. Wavuvi na watu wa bodaboda bado hatujawasikia. Nyinyi mlikuwa njiani wakati sote tuko ndani, andikeni.