Malaria ilimpanda mwanangu kichwani, karudi nyumbani ila hayuko sawa

Mama Shani
Wapendwa naombeni mawazo. Wangu wa miaka 4, wiki mbili nyuma alishikwa homa jioni, usiku degedege mfululizo, tunafika hospitali hajitambui kabisa, akalala hivyo siku mbili, mkojo kama chai ya rangi, wakamchoma sindano na kumuongeza damu. Namshukuru Mungu tumeruhusiwa ila anapepesuka akitembea, kijiko kinamtoka mkononi, jina la dadake mpaka umkumbushe. Mama mkwe anasema sindano ndo zimemharibu, yeye toka mwanzo alitaka tumfukize mavi ya tembo. Ni kweli??

nesi_wa_zamu
Pole sana dada. Sindano usizisingizie. Vijidudu vya malaria vikiingia kwenye chembe nyekundu vinazifanya zinate, zinagandia kwenye vimishipa vidogo kabisa, damu inapita kwa shida, ubongo unakosa hewa na sukari, unavimba, na fuvu halitanuki. Blantyre kule Malawi waliwapiga watoto picha za MRI, majibu yakatoka 2015, kati ya 25 waliofariki 21 ubongo ulikua umevimba vibaya tangu wanalazwa. Mkojo wa chai ya rangi ni chembe zilizopasuka, rangi yake inapitia kwenye figo na figo zinaumia. Ila hiyo sindano ya atesuneti ndo imemrudisha huyo mtoto, kwenye utafiti wa 2010, na Tanzania na Kenya zilikuwemo, waliopewa kwinini walikufa kama 11 kwa kila 100, wa atesuneti 8 au 9

Baba Juni
Mama Shani mimi sikudanganyi, wangu yalimkuta hayo hayo, kutembea kulirudi kama miezi mitatu hivi, tukimfanyisha mazoezi kila siku, kupanga vifuniko vya soda, kupanda ngazi. Sasa yuko la pili, mwalimu anasema somo halikai, na mwaka jana kaanza kifafa anameza dawa. Wengine wanapona kabisa sikatai, ila usiache kliniki eti kwa sababu anacheza

nesi_wa_zamu
Baba Juni kasema kweli. Kingine, baada ya atesuneti damu inaweza kushuka tena, wiki ya kwanza mpaka ya nne, huwa inatuponyoka sana hii kwa sababu mtoto homa hana. Mwangalie viganja na ndani ya kope, mkojo je? Mrudishe wapime damu na figo

Mama Shani
Mkojo jana ulikua mweusi mweusi nikadhani maji hanywi. Nimemulika viganja na tochi ya simu, vyeupe kuliko vya dadake. Nitampeleka asubuhi

nesi_wa_zamu
Asubuhi mbali dada. Anapumua haraka haraka?

Mama Shani
Ndiyo

nesi_wa_zamu
Ita bodaboda sasa hivi, beba na ile karatasi ya kuruhusiwa