Makopo ya jiokashi kwenye misitu ya hifadhi: yabaki au yaondolewe?

Mtembea Porini:
Wadau, naomba tulijadili hili bila kurushiana maneno. Kwa asiyeujua mchezo: mtu anaficha kopo porini, ndani mna kidaftari, kisha anaweka mtandaoni namba za GPS za mahali lilipo. Anayelipata anaandika jina lake, akichukua kidude anaacha kingine, analirudisha palepale. Ulianzia Oregon Mei 2000, mara tu serikali ya Marekani ilipoacha kuvuruga makusudi GPS ya raia.

Msimamo wangu: kwenye hifadhi za majimbo, kopo lolote lililo nje ya njia liondolewe. Chini ya miti minene GPS ya simu inakosea mita kadhaa, kwa hiyo mtafutaji anazunguka, anapindua mawe, anabandua maganda ya magogo. Huku Pennsylvania nimeona njia ya panya imeshachongeka kutoka njia kuu hadi kwenye gogo la mwaloni lililovuliwa ganda upande mzima. Na chini ya mawe hayo wanaishi salamanda, jamaa wa chura wenye umbo la mjusi. Wengi wao hawana mapafu, wanavuta hewa kwa ngozi, na ngozi ikikauka wamekwisha. Hifadhi za taifa kwa kawaida hazikubali makopo haya bila kibali. Za majimbo zinalegeza kwa nini?

Mama Wawili:
Kaka, umeuonea mchezo. Wanangu ukiwaambia twende tukatembee, miguu inawauma kabla hawajavaa viatu. Waambie kuna kopo mbele uone watakavyokutangulia! Na kanuni zipo: marufuku kuchimba, marufuku kuweka chakula (dubu atalinusa), na kopo hadi kopo angalau mita 161. Hapo hapo Pennsylvania, ukitaka kuficha unaomba ruhusa ya hifadhi kwanza. Kama ni salamanda, anza na hawa wanaojenga minara ya mawe kijitoni ili wapige picha.

Babu Kijiti:
Mama Wawili, ruhusa inasaidia siku ya kuficha. Mwenye kopo akihama mji, nani anarudi kulitazama? Plastiki inapasuka, kidaftari kinageuka uji, basi tena, ni takataka kama takataka nyingine. Kuna aina isiyo na kopo kabisa, ipo tangu 2004: unafika kwenye mwamba au maporomoko, unachunguza, unajibu maswali ya jiolojia. Kwangu hiyo inatosha.

Mama Wawili:
Inakutosha wewe, babu, shikamoo. Mwanangu wa miaka sita hana habari na jiolojia. Anataka kidude.

Mtembea Porini:
Haya, nalegeza. Kopo libaki, ila liwe mahali mkono unafika mtu akiwa amesimama njiani, na kidokezo kiseme wazi kama liko mtini au kwenye nguzo, pasiwepo sababu ya kugusa jiwe. Na ruhusa iwe na mwisho: usipoihuisha, mlinzi wa hifadhi analing'oa. Hilo nalo unalipinga, dada?

Mama Wawili:
Hilo silipingi. Ila wale wanaopenda makopo ya kwenye majabali, ya kusaka nusu siku, watasema umeua mchezo. Waje wajitetee wenyewe, mimi siwasemei.