Wifi yangu amemficha mtoto asichanjwe, nimwambie nini?

Shangazi_Korogwe: Habari za jioni ndugu zangu. Binti wa kaka yangu ana miaka 10. Siku ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi shuleni kwao, mama yake alimbakiza nyumbani. Anasema ni ya kuwafunga wasichana kizazi. Wifi huyu si mjinga, anauza vitenge na hesabu za kikoba chetu anashika yeye. Lakini sauti moja ya WhatsApp, mwanamke asiyemjua analia, imemwingia kuliko maneno yangu. Kaniuliza, "Kama ni nzuri, mbona wavulana hawachomwi?" Nikanyamaza. Kwa nini mtu mwenye akili zake anaamini haya?

Juma_K: Mitandao hiyo. Mnyang'anye simu.

Nesi_Mstaafu_Tanga: Juma, simu tunaisingizia. Bibi yangu alitukataza kulisogelea gari la zimamoto, eti mumiani watatunyonya damu, na simu hakuwahi kushika. Enzi za mkoloni watu walitolewa damu wasielezwe inapelekwa wapi, wakajieleza wenyewe.

Mwanangu, wifi yako amekuuliza swali la haki. Kenya mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki walidai chanjo ya pepopunda ina homoni ya kuzuia mimba, na watu waliuliza hivyo hivyo: mbona wanawake wa miaka 14 hadi 49 tu? Jibu lipo. Kichanga hupata pepopunda kitovu kikikatwa kwa wembe mchafu, na kinga huitoa kwa mama akiwa bado tumboni. Jibu hilo lilitakiwa litangulie sindano.

Mwambie wavulana nao hubeba HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, na zipo nchi zinazowachanja. Sisi tulianza na wasichana mwaka 2018 kwa kuwa saratani hii ndiyo inayoua wanawake wetu zaidi. Tangu 2024 ni dozi moja, miaka 9 hadi 14, mtoto hajakutana na kirusi. Nimemuuguza mama mmoja aliyekuwa nayo. Tulichoma udi chumbani ili wanawe waweze kukaa naye.

Chukua kadi ya kliniki ya mtoto, mkae dukani. Surua, polio, zote alimpeleka yeye mwenyewe, mgongoni.

Shangazi_Korogwe: Shikamoo mama, asante. Nimetoka huko sasa hivi. Hajakubali. Kadi ameishika muda mrefu, kisha akauliza kama nesi wa zahanati anaweza kupita dukani Jumamosi.